Uchambuzi wa Krita: Kupaka Rangi Kurasa za Vibonzo kwa Kompyuta

Hamjambo, watazamaji. Leo ninaichambua Krita, programu ya kuchora isiyolipiwa hata senti, na ninaipima kwa kazi moja tu: kupaka rangi kurasa za vibonzo ambazo wino wake umeshakamilika.

Ukurasa mnaouona ni kichochoro cha Mji wa Kale hapa Mombasa, wenye mlango wa nakshi, wanawake wawili waliojitanda leso, na muuza kahawa aliyeshika dele, yaani birika la kahawa. Ni wa A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), yaani pikseli 2480 kwa 3508. Kinachochosha zaidi katika kazi hii ni kuliwekea kila umbo rangi yake bapa, yaani rangi moja isiyo na kivuli, kabla ya vivuli, na hapo ndipo Krita iliponivutia. Katika menyu ya matabaka, yaani karatasi angavu za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine, kuna kitu kinachoitwa Colorize Mask: ninapitisha mchirizi wa hudhurungi mlangoni, wa manjano kwenye leso na wa shaba kwenye dele, kisha programu inaieneza kila rangi hadi ikutane na wino, hata pale mstari ulipoachwa wazi kidogo. Tazameni chini ya mpini wa dele: shaba imevuka ikaingia kwenye kidole cha muuzaji, lakini mchirizi mmoja wa rangi ya ngozi unairudisha mahali pake. Nakshi za mlango, ambazo mistari yake imesongamana mno, ni afadhali kuzijaza kwa mkono.

Vivuli huwekwa kwenye tabaka la juu lenye hali ya kuzidisha rangi (Multiply), inayotia giza rangi zilizo chini yake. Mliozoea programu nyingine mwe waangalifu, kwa sababu hapa tabaka linalorithi uwazi, yaani linaloonekana tu pale palipo na rangi chini yake, hufuata matabaka yote yaliyo chini yake katika kundi. Msipoviweka vivuli pamoja na rangi bapa katika kundi lao peke yao, kivuli kitatapakaa ukurasa mzima.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni uchapishaji. Ile samawati-kijani ya bahari ya Nyali, inayong'aa sana kwenye skrini, haifikiwi na wino nne za mtambo wa kuchapia, kwa hiyo hutoka imefifia. Krita inafanya kazi na rangi za CMYK, yaani za wino hizo nne, na ukibonyeza Ctrl na Y inakuonyesha mapema jinsi ukurasa utakavyoonekana karatasini. Kwangu mimi, hilo pekee linatosha kuipendekeza kwa anayekusudia kuchapisha kitabu.

Udhaifu wake mkubwa ni maandishi. Katika toleo la 5.2, maneno ya kwenye viputo huhaririwa katika dirisha la pembeni, kazi ya kuchosha mno, ndiyo maana mimi huyaandika katika Inkscape, ambayo nayo ni ya bure. Vilevile, matabaka yakiwa mengi, kompyuta yenye kumbukumbu ndogo italemewa. Toleo la Android nalo limekusudiwa tableti, kwa hiyo wanaochorea kwenye simu watafute programu nyingine.