Jazi ya kununua kwanza, na ya kusubiri

Sisi wa Afrika Mashariki neno "Jazz" tumelijua kwenye majina ya bendi: Morogoro Jazz, Tabora Jazz. Ule ni muziki wa dansi. Jazi ya Marekani ni habari nyingine, na anayeinunua kwa kubahatisha hupoteza pesa. Mimi nilianza na CD ya mkusanyiko isiyotaja nani anapiga wala mwaka gani. Niliisikiliza mara moja tu. Siku hizi silipi kabla sijageuza jalada nikasoma majina ya wapigaji na tarehe ya kurekodi.

Albamu namba moja ya kununua, bila kusita, ni Ella and Louis ya 1956: Ella Fitzgerald na Louis Armstrong, huku Oscar Peterson akiwa kwenye piano. Sikiliza "Cheek to Cheek". Armstrong anaanza kwa ile sauti yake ya mikwaruzo, neno moja analichelewesha, jingine analikata. Kisha Ella anaupokea wimbo uleule, kila silabi imenyooka, na unakuwa wimbo mwingine. Ukishaisikia tofauti hiyo kwenye koo la mtu, utaitambua hata kwenye saksafoni. Ndiyo maana nasema anza na waimbaji.

Ya pili ni Kind of Blue ya Miles Davis, 1959. Ni tulivu, haichoshi. Ila matoleo ya zamani yana kasoro: upande wa kwanza unakwenda kasi kidogo kuliko ulivyopigwa. Marekebisho yalianza kutoka 1992, kwa hiyo tafuta toleo lililosahihishwa.

Ya tatu wengine wangeiweka chini: Uhuru Afrika ya Randy Weston, iliyorekodiwa New York mwaka 1960. Inafunguliwa na shairi la Langston Hughes kuhusu uhuru, na Kiswahili chake kinasomwa na Tuntemeke Sanga, mtu wa Tanganyika, nchi yake ikiwa bado haijajitawala. Halafu zinaingia ngoma na bendi kubwa. Serikali ya makaburu iliipiga marufuku Afrika Kusini. Msikilizaji wa Kiswahili asiyekuwa nayo anajinyima.

Ya nne, A Love Supreme ya John Coltrane, iliyorekodiwa Desemba 1964. Ni sala ya dakika kama 33, isikilize yote kwa mkupuo.

Ya tano, Mwandishi ya Herbie Hancock, 1971. Mwandishi ni yeye mwenyewe; wenzake nao walichukua majina ya Kiswahili: Mchezaji kwenye besi, Jabali kwenye dramu, Mganga kwenye tarumbeta. Kipande cha kwanza kina mapigo 15 kwa duru. Yahesabu kwa kidole mezani, mwili utazoea.

Ya sita ni The Shape of Jazz to Come ya Ornette Coleman, 1959. Haina piano, na saksafoni yake ni ya plastiki. Anza na "Lonely Woman".

Free Jazz yake ya 1961 iache mwisho kabisa: bendi mbili za watu wanne wanne zikipiga pamoja dakika 37 bila kituo. Moja imewekwa spika ya kushoto, nyingine ya kulia. Ukiinunua, vaa spika za masikioni, usikilize kwanza kwa sikio la kushoto peke yake.