Fleti Nafuu Katika Mji Mdogo: Uanze na Ipi, Ipi Uiweke Mwisho

Katika mji mdogo, fleti nzuri hazingoji tangazo. Mpangaji akitoa notisi ya kuhama, jirani ameshajua, mwenye duka la chini ameshajua, fundi bomba ameshajua, na kabla mwenye nyumba hajabandika karatasi ukutani, fleti imepata mtu. Zile zinazokaa mtandaoni wiki nenda wiki rudi mara nyingi zina sababu ya kukaa. Ndiyo maana hapa siziorodheshi aina za fleti kwa kodi iliyotajwa peke yake. Naziorodhesha kwa jumla ya kitakachokutoka kila mwezi: kodi, maji, umeme, ada ya ulinzi na usafi, pamoja na nauli.

Ya kwanza: jengo dogo, mwenye nyumba akiwa karibu. Fleti nne au sita, na mwenyewe anaishi humo humo au mtaa wa pili. Mara nyingi hakuna kampuni ya usimamizi inayoongeza ada zake juu ya kodi, na paa likivuja naye analiona. Kasoro yake ni kwamba atawajua wageni wako wote kwa sura. Hilo mimi nalivumilia.

Ya pili: fleti iliyo juu ya maduka. Watu huikwepa kwa kuogopa kelele, na hapo ndipo kodi inapolegea. Ukiwa katikati ya mji unakwenda kazini na sokoni kwa miguu. Swali ni moja tu: chini kuna nini? Duka la dawa halina shida. Baa ni shida usiku, na tanuri la mikate ni shida alfajiri. Rudi hapo saa nne usiku usikilize mwenyewe.

Ya tatu: fleti kubwa ya kushirikiana. Kwa kila kichwa, hakuna inayoishinda kwa unafuu. Nimeishusha kwa sababu mwenzako akihama ghafla, kodi nzima inaweza kukuangukia wewe uliyebaki. Kabla ya kuingia, hakikisheni majina yenu yote yamo kwenye mkataba, na mkubaliane kwa maandishi nani analipa nini.

Ya nne: jengo jipya nje kidogo ya mji. Vigae vinang'aa na kodi ni ya kuvutia kwa kuwa mwenye jengo anataka lijae. Lakini zidisha nauli ya kwenda na kurudi kwa siku zako za kazi, kisha linganisha tena. Uliza pia kodi itapanda lini na kwa kiasi gani. Ukiwa na baiskeli, au kazi yako iko upande huo, ipandishe hadi ya pili.

Ya mwisho: yenye samani, ya muda mfupi. Hiyo ni ya kujishikiza mwezi mmoja huku ukitafuta. Ukikaa mwaka mzima, kitanda hicho utakuwa umekilipia mara kadhaa na bado si chako.

Ukishapata ya kuangalia, nenda mchana, tena ikiwezekana mara baada ya mvua. Fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, kisha vuta maji ya choo. Presha ikianguka kabisa, ndivyo utakavyooga kila asubuhi wenzako wakiamka. Weka kiganja ukutani nyuma ya kabati, hasa ukiona rangi mpya imepakwa upande mmoja tu, kwa kuwa unyevu hufichwa hivyo. Halafu omba kuonyeshwa mita ya umeme. Zima kila kitu ndani, taa na friji, urudi uitazame: ikiendelea kusoma matumizi, huenda kuna mtu mwingine kwenye laini yako, au nyaya zina hitilafu. Mita ya kushirikiana na majirani ni ugomvi unaojirudia kila mwisho wa mwezi. Ningedai kodi ipunguzwe au ningeondoka.

Kuhusu dalali, mtumie ikiwa huna mwenyeji, lakini jua mapema ada yake ni kiasi gani na inalipwa lini. Anayetaka pesa kabla hujaingia ndani ya fleti yenyewe, achana naye, hata picha ziwe nzuri namna gani.

Amana ulipe kwa risiti. Siku ya kuhamia piga picha za kila ufa, kila doa na namba za mita, umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki.

Bei nayo hujadiliwa. Mwenye nyumba wa mji mdogo huogopa fleti kukaa tupu kuliko kupunguza kidogo, kwa hiyo mwambie utakaa mwaka mzima, uombe kodi isipande ndani ya mwaka huo, na iandikwe. Akikupa punguzo ukilipa miezi mingi mbele, likubali tu ikiwa mkataba unasema utarudishiwa nini ukihama mapema.