Sinia la mboga tupu kando ya ziwa: mkahawa mmoja wa Kisumu

Nimekula mara tatu katika mkahawa mdogo wa Kihindu ulio hatua chache kutoka Barabara ya Oginga Odinga, Kisumu, na mama anayeuendesha ameniomba nisiutaje jina, kwa kuwa meza zake ni sita tu na wateja alio nao wanamtosha. Ombi hilo nimeliheshimu. Hata hivyo mkahawa wenyewe unastahili kuandikiwa, kwani katika mji ambao mgeni hukaribishwa kwa ngege mzima na ugali, mama huyu anauza mlo usio na samaki, nyama wala yai, na ukimuuliza sababu hakuambii habari za presha au sukari. Anakutajia neno moja la Kisanskriti, ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe.

Chakula huletwa kwenye sinia la chuma lenye vibakuli: dengu za njano, bamia zilizokaangwa zikakauka, viazi vya haradali, mtindi, achari ya embe, wali, na chapati nyembamba zilizopakwa samli. Sinia moja ni shilingi 550, na dengu na wali huongezwa bila malipo mpaka useme basi. Achari ina chumvi kupita kiasi na huduma ni ya polepole mno saa ya mchana, lakini dengu ndizo zilizonirudisha. Hazitiwi kitunguu wala kitunguu saumu; badala yake kipande kidogo cha mvuje, utomvu mkavu wa mmea, hukaangwa katika samli ya moto pamoja na bizari nyembamba, harufu ikakupanda puani kwa ukali, kisha ikatulia na kuacha ladha kama ya kitunguu kilichopikwa taratibu. Mimi ni mtu wa Mombasa, na mvuje niliujua kama kitu cha kumfungia mtoto mchanga ili mashetani wasimsumbue. Kwamba unaliwa, tena ni mtamu, nimekuja kujulia Kisumu.

Nilidhani kuacha vitunguu nako ni ahimsa, mama akanisahihisha. Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, katika sura ya 17, inagawa vyakula mafungu matatu kulingana na tabia ya mtu anayevipenda. Kitunguu hakitajwi pale, ila Wahindu wengi wanaomfuata mungu Vishnu wanakihesabu miongoni mwa vile vinavyochafua utulivu wa nafsi. Wajaini, watu wa dini nyingine ya India, ndio wanaoacha mizizi kwa sababu ya kutoua, kwa kuwa kuing'oa kunaumaliza mmea na vijidudu vilivyomo udongoni. Viazi vya sinia lile visingepita kwao.

Ukutani kuna karatasi yenye maneno ya Mahabharata, utenzi mrefu wa kale wa India, "Ahimsa paramo dharmah", na chini yake tafsiri: kutodhuru ndio wajibu mkuu. Hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na mkahawa huu, kwa sababu karatasi ile inamfanya msomaji adhani kwamba Wahindu walikwisha kuafikiana zamani. Utafiti wa Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, uliotolewa mwaka 2021 ulikuta kwamba asilimia 44 tu ya Wahindu wa India hujiita wala mboga; Wabrahmani (tabaka la makuhani) wa Bengal hula samaki bila wasiwasi, na wale wa Kashmir hula kondoo. Sheria za Manu, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, katika sura ya 5, zinairuhusu nyama ya kafara, kisha zinageuka na kuwahesabu wauaji mmoja mmoja: anayetoa idhini, anayechinja, anayekata, anayenunua, anayeuza, anayepika, anayeandaa na anayekula. Orodha hiyo ilinichoma. Kila Jumamosi mimi hununua samaki ufukweni na kujiona sina hatia kwa vile nyavu ni za mtu mwingine.

Mara ya pili nilikwenda na mwalimu mwenzangu wa Siaya, mfugaji wa ng'ombe watatu, ambaye alikula vizuri, akafuta mkono, halafu akauliza kwa adabu: "Mama, ng'ombe waliotoa samli hii, ndama wao madume huenda wapi?"

Mama alisimama kidogo na bakuli lake. "Maziwa naletewa kutoka Nandi, mwalimu. Hilo sijawahi kuuliza."

Nilipenda kwamba hakubuni jibu. Mafundisho aliyokulia yanamwona ng'ombe kama mama, na huko India yapo makao yanayotunza ng'ombe waliozeeka. Lakini mfugaji wa kwetu mwenye ekari moja na karo ya shule hawezi kumlisha dume asiye na kazi, na mwenzangu alijua hivyo kwa sababu yeye mwenyewe huwauza. Swali lenyewe si geni. Katika Mahabharata hiyohiyo yumo muuza nyama wa mji wa Mithila anayemfundisha Mbrahmani, akimwambia kwamba jembe nalo huua viumbe wengi ardhini na kwamba hakuna atembeaye asiyekanyaga kitu. Nadhani maneno ya muuza nyama huyo yangefaa ukutani kando ya yale mengine, maana juu ya mlango wa jikoni imetundikwa taa ya buluu ya kuchoma wadudu, na jioni wadudu wa ziwani wanapovamia mji huwa inatatarika bila kukoma juu ya neno ahimsa. Mama anasema wateja walilalamika kukuta wadudu kwenye mtindi. Safari yangu ya tatu taa ilikuwa bado ipo, ila mlango wa mbele ulikuwa umewekewa wavu mpya wenye matundu madogo, na taa ilitatarika mara chache zaidi.

Anayetaka kwenda afike kabla ya saa saba mchana, na apige simu kwanza, kwani siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi mwandamo, iitwayo Ekadashi, mama hapiki nafaka wala kunde. Mimi niliiangukia siku hiyo bila kujua, nikaletewa viazi, karanga na punje nyeupe za wanga wa muhogo zilizopikwa na jira na pilipili mbichi. Nilimaliza bakuli mbili.