Biblia ya zipu: maandishi mazuri, zipu ndiyo inayoniudhi

Nimeinunua Kariakoo, Dar, siku niliyovuka kutoka Unguja kufuata vitambaa. Ni tafsiri ya Union Version, ile ile ya 1952 tunayosoma kanisani, ina itifaki (orodha ya maneno na mistari yanapopatikana) na ramani nyuma, jalada la ngozi bandia, na zipu ya chuma inayozunguka pande tatu. Muuzaji alianzia shilingi 40,000, akashuka hadi 35,000. Mimi fundi cherehani, kupatana bei sifundishwi.

Maandishi yana ukubwa wa kutosha, kwenye mwanga nayasoma bila miwani. Karatasi nyembamba, lakini maneno ya upande wa pili hayatokezi. Utepe wa kuwekea alama ulianza kufumuka nchani. Nikauchoma kwa kiberiti, basi.

Sasa zipu. Zipu nazijua, nazishona kila siku hapa Mwanakwerekwe. Hii ni chuma kilichopakwa rangi tu, na kwa hewa yetu ya chumvi, masika hayajaisha meno yameshaota kutu. Nikaipaka mshumaa, ikateleza kidogo, ikakwama tena pale inapokata kona. Mwenzangu tunayeshona naye, Mwislamu, akaniuliza: "Shoga, mbona kitabu chako umekifunga kama begi la safari, unakwenda wapi nacho?"

Nilicheka, lakini kasema kweli. Nafasi yangu ya kusoma ni adhuhuri, wenzangu wakienda kuswali na cherehani zikanyamaza. Ni dakika chache. Ukizimaliza kwa kuvutana na zipu, unarudi kazini hujasoma hata mstari. Yohana 15, Yesu anasema kaeni ndani yangu, nami ndani yenu. Tawi halendi kwa mzabibu Jumapili kwa Jumapili. Mimi nataka neno liwe wazi mezani ninapokata, maana ndipo ninapolihitaji. Mteja kaleta mita nne, gauni limekula tatu na nusu, na mwenyewe hajui. Mstari wa 10 uko hapo hapo: mkizishika amri zangu, mtakaa katika pendo langu. Kile kipande kilichobaki nakikunja, nakitia mfuko mmoja na gauni lake.

Itifaki imenifaa kuliko nilivyodhani. Nilitafuta "kaa", ikanifikisha 1 Yohana 2:6, kwamba asemaye anakaa ndani yake imempasa kuenenda kama yeye alivyoenenda. Hapo nikasimama siku kadhaa. Ramani sijazigusa.

Mwisho nimeifumua zipu kwa wembe, nikakunja kingo za jalada na kuzipiga mshono. Sasa inalala wazi, mkasi mkubwa umebana ukurasa. Kama wewe si fundi, tafuta isiyo na zipu, zipo za jalada gumu. Ukiing'ang'ania ya zipu, chagua yenye meno ya plastiki, na uivute mara nyingi mbele ya muuzaji, hasa kwenye kona, hata akinuna.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Mbili nilizokata zote ni za zipu.