Minecraft kwa jicho la anayetafuta kiwanja

Siku moja ndani ya mchezo wa video wa Minecraft huchukua dakika 20, na kati ya hizo mchana ni dakika 10 tu. Mchezaji anayeingia katika dunia mpya akiwa mikono mitupu hukata mti, hutengeneza shoka, hutafuta makaa ya mawe au huchoma magogo apate mkaa wa kutengenezea mienge, na kabla hajamaliza, jua limeshaegemea magharibi. Usiku ukitanda, zombi, mifupa yenye pinde na kripa, yule kiumbe wa kijani anayekunyemelea kimya kisha akalipuka, hutokea popote penye giza. Basi banda la usiku wa kwanza hujengwa pale pale usiku ulipomkuta mtu, na hilo halina ubaya wowote, kwa sababu banda si nyumba. Tathmini hii inahusu uamuzi unaofuata, asubuhi ya pili au ya tatu, mchezaji anapoanza kutazama huku na huku na kujiuliza ni wapi ataweka makasha yake, shamba lake na kitanda chake kwa muda mrefu. Nimeucheza mchezo huu kwa miaka, karibu wakati wote katika mtindo wa kujitafutia riziki ambao mchezaji huona njaa, huumia na kufa, na naamini kwamba uzuri wake mkubwa umo katika uamuzi huo mmoja.

Kwa asiyeufahamu, kila kitu katika dunia hiyo kimeundwa kwa bloku zenye mita moja kila upande, na karibu kila bloku inaweza kung'olewa na kuwekwa kwingine. Mchezo ulianzia Uswidi, mikononi mwa Markus Persson, ukaonekana hadharani mwaka 2009, toleo kamili likatoka Novemba 2011, na mwaka 2014 Microsoft ikainunua Mojang, kampuni iliyoumiliki mchezo huo. Kila dunia huzalishwa kutokana na namba iitwayo mbegu, na katika toleo la Java (moja ya matoleo mawili ya mchezo, la pili likiitwa Bedrock) dunia hiyo huenea bloku milioni 30 kutoka katikati kwenda kila upande. Jambo lililobadilisha kabisa suala la kiwanja ni toleo la 1.18 la Novemba 2021, ambalo liliongeza kimo cha dunia kikafika bloku 384, kuanzia namba 64 chini ya sifuri mpaka 320 juu yake, huku usawa wa bahari ukibaki karibu na 63. Milima ikawa milima ya kweli, na mapango yakawa makubwa kiasi cha kumeza kijiji kizima.

Ni milima hiyo iliyonivuta. Katika dunia yangu ya kwanza baada ya mabadiliko hayo nilijenga kileleni, juu kidogo ya kimo cha 180, mahali ambapo asubuhi niliona mto, msitu wa misonobari na, mbali kabisa, mstari wa mchanga wa jangwa. Sijapata kuona mandhari nzuri kuliko ile katika mchezo wowote. Nilitumia siku nyingi za mchezo kupandisha mbao na mawe, nikaweka madirisha ya vioo upande wa mashariki, na nikalima shamba dogo la ngano mbele ya mlango, mstari mmoja wa maji ukipita katikati yake.

Kasoro za mahali pale zilijitokeza moja baada ya nyingine, na kila moja ilinifundisha kitu ambacho mchezo haukunieleza kwa maandishi. Kwanza maji ya shamba yaligeuka barafu, kwa kuwa katika maeneo ya baridi maji yaliyo wazi chini ya anga huganda, na barafu hailowanishi udongo. Ngano haikufa, bali ilikua kwa mwendo wa kukatisha tamaa. Nilipogundua kwamba bloku moja iliyowekwa juu ya maji huyakinga yasigande, nilirekebisha shamba lote kwa muda mfupi. Kisha wakaja mbuzi. Mbuzi wa kileleni hutulia kwa muda mrefu, huinamisha kichwa, hurudi nyuma hatua moja, na ghafla hukupiga kikumbo; kwenye tambarare kikumbo hicho kinauma kidogo tu, lakini kwenye ukingo wa jabali ni kifo. Pembeni ya njia yangu palikuwa na theluji laini, ambayo kwa macho haitofautiani sana na theluji ya kawaida, lakini anayeikanyaga huzama ndani yake na kuanza kuganda, isipokuwa awe amevaa viatu vya ngozi. Haya yote yana dawa, na kwa kweli nilifurahia kuyatafutia dawa.

Kilichonishinda ni kitu kingine, ambacho nakiona kuwa kiini cha suala zima la kuchagua kiwanja katika mchezo huu. Dunia ya Minecraft huishi kumzunguka mchezaji. Mazao hukua, tanuri huyeyusha madini na ndama huwa ng'ombe pale tu ambapo mchezaji hayuko mbali. Akienda mbali, sehemu aliyoiacha husimama kama ilivyo mpaka atakaporudi. Mimi nilikuwa nalala kileleni na kushinda bondeni. Mgodi wangu ulikuwa mbali, chini bondeni, kwa sababu almasi huongezeka kadiri mtu anavyokaribia kitako cha dunia. Kijiji nilichofanya nacho biashara kilikuwa mbali zaidi. Miti niliyohitaji ilikuwa ng'ambo ya mto. Kila jioni nilipanda ngazi zaidi ya mia moja nikakuta ngano iko vile vile nilivyoiacha asubuhi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nyumba haifai kujengwa mahali unapopenda kupatazama, bali mahali ambapo saa zako nyingi zinapita, ili shamba, tanuri na mifugo vifanye kazi wakati na wewe unafanya yako chini ya sakafu yao.

Tangu siku hiyo huwa sijengi nyumba kabla ya kuzunguka kwa siku mbili au tatu nikiwa na kitanda begani na chakula cha kutosha. Mtu anayetembea bila kukimbia hupita bloku 4 na ushei kwa sekunde, hivyo katika mchana mmoja anaweza kupita zaidi ya bloku 2,500, na hiyo inatosha kukutana na aina kadhaa za ardhi. Jangwa nalipita bila kusita: halina miti, halina mvua, na zombi wake wa rangi ya mchanga hawaungui jua linapochomoza kama wenzao wa kwingine. Msitu wa giza ni hatari kwa sababu majani yake huziba mwanga kiasi kwamba maadui huweza kutokea hata mchana, ingawa mbao zake ni nzuri sana kwa anayependa nyumba za rangi nzito. Kinamasi kinafaa kutembelewa tu.

Kisiwa cha uyoga kinastahili maneno zaidi, kwa kuwa wengi hukisifu kuwa ndicho kiwanja bora kuliko vyote. Ni kweli kwamba huko maadui hawatokei wenyewe, si usiku wala mapangoni, na ng'ombe wekundu wenye uyoga mgongoni hukamuliwa supu kwa bakuli tu, hivyo njaa huwa imekwisha. Lakini hakuna miti, kisiwa mara nyingi kimezungukwa na bahari pana, na utulivu wake huondoa kile kile kinachofanya ukuta, taa na mlango viwe na maana. Niliishi katika kisiwa kimoja kwa muda, nikajikuta najenga nyumba zisizo na mlango kwa kuwa hapakuwa na wa kumfungia. Namshauri mtoto mdogo au mtu anayetaka kupumzika aende huko, na siwezi kumshauri mtu anayetaka kuujua mchezo.

Kijiji ni jambo jingine. Wanakijiji hununua karatasi, ngano na vijiti kwa zumaridi, na huuza vitabu vya uchawi, mikate na zana, kwa hiyo kuishi karibu nao ni faida kubwa mno. Kosa langu lilikuwa kujenga katikati yao. Wanakijiji hufungua milango ya mbao, na wakikosa vitanda hujitwalia chochote kilichopo. Usiku mmoja nilirudi kutoka mgodini nikiwa na njaa na moyo mmoja na nusu wa uhai, nikakuta mwanakijiji amelala kitandani mwangu, na asubuhi yake mwingine aliyekuwa hana kazi alisimama mbele ya pipa nililohifadhia vitu vyangu akawa mvuvi, kwa sababu katika mchezo huu pipa ndilo chombo cha kazi cha mvuvi. Mlango wa chuma ungetatua la kwanza, kwani huo hawawezi kuufungua, lakini suluhisho bora zaidi ni umbali: mwendo wa nusu dakika kutoka kijijini unatosha kukupa soko bila kukupa wapangaji. Faida nyingine ni paka, ambao hupatikana vijijini na hufugwa kwa samaki wabichi. Kripa humkimbia paka, na paka mmoja anayekaa mlangoni ni ulinzi wa kutegemewa.

Kiwanja ninachokipa alama za juu kabisa ni kingo za mto unaopita kati ya tambarare na msitu, mlima ukiwa unaonekana si mbali sana. Maji ya mtoni hulowanisha udongo kwa umbali wa bloku 4, na bloku moja tu ya maji iliyochimbiwa katikati ya shamba la 9 kwa 9 hutosha kwa mashimo 80 ya mbegu. Miwa humea pale tu ilipogusana na maji, na miwa ndiyo karatasi, ambayo ndiyo zumaridi kwa mkutubi wa kijijini. Chini ya mto kuna mfinyanzi wa kutengenezea matofali mekundu. Mtumbwi huenda karibu mara mbili ya mwendo wa miguu, hivyo mto ni barabara isiyohitaji kujengwa. Nyasi za tambarare huleta kondoo wa sufu za kitanda na farasi wa kupanda, na msitu wa upande wa pili huleta mbao bila safari. Kwa maneno mengine, mpaka wa ardhi mbili humpa mjenzi mali za pande zote mbili kwa hatua zile zile.

Hata hapo, kuna kipimo kimoja ambacho sikubali kukiruka. Mchezo haumruhusu mtu kulala ikiwa adui yuko ndani ya bloku chache kutoka kitandani, 8 kwa upande na 5 kwenda juu au chini, hata kama adui huyo yuko ndani ya pango ambalo mchezaji halioni. Niliwahi kumaliza nyumba nzuri ya mawe ukingoni mwa mto, nikawasha mienge kila pembe, nikabofya kitanda na kuambiwa kwamba siwezi kupumzika kwa kuwa kuna majini karibu. Nikatega sikio: chini ya sakafu palikuwa na mlio wa zombi. Ilinibidi nibomoe sehemu ya sebule, nichimbe ngazi, na nijaze mwanga katika pango zima, kwa sababu tangu toleo la 1.18 adui wengi wa kawaida hutokea tu pale ambapo mwanga umefika sifuri. Sasa huwa nachimba ngazi ya majaribio kabla ya kuweka msingi. Nikikuta mwamba mtupu, najenga mara moja. Nikikuta pango, natathmini kama naweza kulimulika lote na kuligeuza kuwa ghala na njia ya kwenda mgodini, na mara kadhaa pango kama hilo limekuwa chumba bora kuliko vyote nilivyojenga juu ya ardhi.

Kwa upande wa upungufu, naona mchezo unamtupa mgeni bila dira ya maana. Dira iliyomo huelekeza mahali ambapo dunia ilianzia, si nyumbani, na mchezaji mpya anayedhani itamrudisha kitandani hupotea na kuvunjika moyo. Namba za mahali ulipo zipo, lakini mtu lazima ajue kuzifungua na kuziandika pembeni. Aidha, uzito wa kiwanja hupungua kadiri mchezaji anavyotajirika: lango la kwenda Nether, ile dunia ya pili ya moto, hufupisha safari, kwa kuwa bloku 1 kule ni sawa na 8 huku, na bloku 800 za ardhi hugeuka matembezi ya 100, ingawa ni matembezi katikati ya moto. Wapo wanaoona hilo linaharibu uamuzi wa mwanzo. Mimi naona linamsamehe aliyekosea, na nililitumia mwenyewe kuiunganisha nyumba ya kileleni na ile ya mtoni bila kubomoa hata moja.

Kwa hiyo naupendekeza Minecraft kwa moyo mweupe kwa yeyote anayependa kufikiri kuhusu mahali, kwa sharti kwamba acheze katika mtindo wa kujitafutia riziki angalau mwanzoni; katika mtindo wa ubunifu, ambao mchezaji huruka angani na kupewa bloku zote bure, kiwanja chochote ni sawa na kingine na swali lenyewe hufifia. Atakayecheza na wenzake katika dunia moja ahakikishe kwanza kwamba wote wana toleo la Java au wote wana lile la Bedrock, kwani wa Java na wa Bedrock kwa kawaida hawaingii katika dunia moja. Nyumba yangu ya sasa iko kwenye kona ya mto, ghorofa moja, paa la misonobari, tanuri nne juu ya ngazi ya mgodi na miwa ukingoni. Ninapochimba chini nasikia kondoo wakilia juu yangu, na nikipanda jioni ngano imeshaiva.