Mafuta ya karafuu kwa kinyausi: nyota nne

Wenye vitalu vya nyanya na hoho huku Kigamboni, haya mafuta ya karafuu niliyochukua duka la pembejeo Kariakoo yanafanya kazi jamani kwa kinyausi, ule ugonjwa wa fangasi unaoozesha shina la miche michanga mpaka inalala, ila kwa kukinga sio kutibu. Nguvu yake ni yujinoli, ndo hiyohiyo inayotoa ile harufu, inaharibu utando wa seli za fangasi wa udongoni kama Fusarium na Rhizoctonia. Nilimwagia udongo kabla ya kusia mbegu na miche ikatoka imesimama vizuri, lile tuta nililoliacha bila kitu kinyausi kilipita nalo. Sasa mafuta na maji havichanganyiki, lazima utie sabuni ya maji kidogo utikise kwelikweli, muuzaji hakusema na kibandiko hakisemi, hapo ndo nimewapunguzia nyota maana ukizidisha dozi yanaunguza mizizi michanga, anzeni na miche michache. Halafu yanaruka hewani haraka na joto la Dar hili, mwagieni jioni na mrudie. Mche ukishalala ng'oa tu, usimalizie dawa hapo. Bei imechangamka ila chupa ndogo inakaa sana.