Nimetazama Dune ya pili, lakini maji yangu yalimwagwa mlangoni

Nianze na nyota. Nimetoa mbili. Usiku ule niliporudi nyumbani nilikuwa nimetoa moja, asubuhi hasira zikapoa nikapandisha mpaka nne, sasa ninavyoandika zimeshuka tena, na sina hakika zitaishia wapi.

Ukumbi siutaji. Picha ni Dune sehemu ya pili, ile ya mwaka 2024, walikuwa wameirudisha kwenye skrini kubwa. Mimi huwa naifuata kwa ajili ya Wafremen tu. Habari za koo za kifalme na nani anamchukia nani zinanipita. Ninachotaka ni wale watu wa jangwani aliowabuni Frank Herbert kwenye riwaya yake ya 1965: wanavyozika, wanavyoheshimiana, wanavyovaa nguo inayonasa jasho na mkojo na kuyarudisha kuwa maji ya kunywa, wanavyotembea mchangani kwa hatua za kukatakata zisizo na mpigo ili dudu kubwa la chini lisijue kuna mtu anapita. Sayari yao haina mvua. Kila kitu kwao kinaanzia hapo.

Sasa sikia. Getini kuna kijana anakagua mabegi. Akachomoa chupa yangu ya maji, ile ndogo, nimekunywa mafundo mawili matatu tu.

"Dada, maji hayaingii."

"Basi kaka yangu ngoja niyamalize hapahapa."

"Utaratibu ni utaratibu. Unachelewesha foleni."

Kabla sijanyoosha mkono, ameshafungua kifuniko na kuyamimina kwenye chungu cha maua pembeni ya mlango. Maua yenyewe ya plastiki! Chungu hakina hata udongo, kina vikokoto vya kubandikwa kwa gundi, kwa hiyo maji yakajaa, yakafurika, yakatambaa kwenye vigae mpaka kwenye viatu vya mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu. Mama akanikata jicho mimi. Kijana akatupa chupa kwenye pipa, akasema, "Anayefuata." Pole hakuna, samahani hakuna. Dar hii hii ya mgao, ambako mtu unaamka usiku wa manane kukinga ndoo kwa sababu umesikia bomba linakoroma! Na ndani, ukikunja kona tu, wanakuuzia maji ya kampuni ileile kwa bei ambayo dukani kwa Mangi ungebeba chupa kubwa na chenji ukarudishiwa.

Sikununua. Nikaingia nimevimba.

Picha haijachanganya vizuri, Wafremen wameshaua askari wa Harkonnen, ule ukoo adui yao, na wanawanyonya maji mwilini kwa mashine. Maji yenyewe hayafai kunywa, yamejaa kemikali. Lakini hayamwagwi ng'o, yanakwenda kupozea mitambo. Umesikia wewe kijana wa getini? Maji ya maiti, tena maiti ya adui, yana kazi yake.

Halafu yakaja mazishi ya Jamis, Mfremen mmoja, na hapo nikasahau kiu kwa muda. Paul, yule kijana wa ukoo wa kifalme aliyekimbilia kwao jangwani, amemuua Jamis kwenye pambano la kisu, wakaubeba mwili mpaka maskani yao ya mapangoni na kuukamua maji. Filamu inapita hapa haraka mno. Kitabuni ndipo utaona walivyo. Watu wanaketi kuzunguka vitu vya marehemu, kila mmoja anasimama na kusema alikuwa rafiki wa Jamis na alimtendea jambo gani. Zamu ya Paul inafika, machozi yanamtoka, na watu wanashtuka na kumgusa mashavu kwa vidole: huyu anampa maiti maji! Baadaye maji ya Jamis yanapimwa na kutangazwa mbele ya wote, lita 33 na ushei, kwa sababu nyama ya mtu ni yake lakini maji yake ni ya kabila. Paul anakabidhiwa vipete vya chuma vya kuhesabia maji hayo. Haya yote wakayaacha. Kwa nini? Muda wa kulipuana walikuwa nao tele.

Ila ile sehemu Stilgar, kiongozi wao, anamwonyesha Jessica, mama yake Paul, bwawa la chini ya mwamba wameiweza, siwezi kudanganya. Maji ya wafu wao wote yako pale, meusi, yametulia, na hayanywi mtu hata akifa kwa kiu. Yanatunzwa kwa ajili ya siku jangwa litakapogeuka kijani. Ukumbi mzima ulinyamaza. Nilitamani kutoka nimwite yule kijana aje kukaa kiti changu, tiketi nimelipa mimi.

Watu wengine pale kazi yao ilikuwa kuguna. Nyuma yangu jamaa mmoja akawa anamsimulia mwenzake ile ya sehemu ya kwanza, ya 2021, Stilgar anapotema mate mezani mbele ya Duke Leto, baba yake Paul. "Mchafu yule!" Mchafu nini? Duncan Idaho, askari wa Leto, alishaeleza palepale kwamba mtu amekupa maji ya mwili wake, naye akatema, na Leto akatema. Wazee wa Kimaasai wanambariki mtoto kwa mate na hakuna anayewaita wachafu, au wanaitwa wakigeuza mgongo.

Tulichocheka pamoja ni imani ya Stilgar. Paul akikana kwamba yeye ni Mahdi, yaani mkombozi wao aliyetabiriwa, Stilgar anasema mnaona, kumbe Mahdi mwenyewe ni mnyenyekevu hivi! Ukumbi ukaangua kicheko, na ninajua kila mtu alikuwa anamfikiria jirani yake mwenye chupa ya maji ya upako juu ya friji. Kicheko kinaisha ukikumbuka kwamba utabiri wenyewe ulipandwa zamani na watawa wa Bene Gesserit, ili mwanamke wao yeyote akikwama jangwani akute watu wameshaandaliwa kumwamini. Hapa filamu imekipita kitabu, nasema hivyo na mashabiki wenzangu mnitukane. Kitabuni Chani, msichana wa Kifremen anayependana na Paul, anaamini pamoja na wenzake. Kwenye filamu vijana wa kaskazini wanawacheka watu wa kusini kwa utabiri wao, na Chani hakubali mpaka dakika ya mwisho.

Dakika hiyo ya mwisho ndiyo iliyonirudisha kwenye nyota mbili. Chani yuko peke yake mchangani, uso umejaa skrini nzima, hatujui anawaza nini, na wao wakawasha taa! Dada mwenye ufagio akaanza kukusanya bisi chini ya miguu yetu, "Samahani dada, inua mguu," na mimi nainua mguu huku nachungulia pembeni ya bega lake. Picha ya karibu saa tatu hamuwezi kungoja dakika moja?

Nilimwandikia meneja wao. Akajibu kwa upole kwamba utaratibu wa vinywaji umeandikwa nyuma ya tiketi. Ni kweli umeandikwa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Mdogo wangu ameshanunua tiketi nyingine za hapohapo, wikiendi ijayo, na nitakwenda, kwa sababu upande wetu wa mji hakuna skrini nyingine kubwa kama ile, na wao wanalijua hilo.